Fundo la Jumapili

1

Siri ya nyumba usimuulize jirani, muulize anayeifulia. Ndivyo alivyozoea kusema Atuganile, dobi wa Kilundo, na akishasema hivyo hufunga mdomo, maana alikuwa mtu wa kuona mengi na kusema machache.

Kilundo ni mji uliozaliwa na umeme. Malori makubwa yanayotoka bandarini kwenda ng'ambo ya mpaka hufika pale yakiwa hoi, betri zimekauka, na hayana budi kusimama masaa sita kwenye uwanja wa kuchaji kabla ya kuukabili mlima. Lori likinywa umeme, dereva naye anataka kula, kuoga, kujinyoosha. Na wengine wanataka mtu wa kulala naye. Kwa hiyo kando ya uwanja palikuwa na vyumba, na katika vyumba hivyo wanawake ishirini na watatu waliojiita wenyewe, kwa kicheko, Dada wa Plagi. Mji uliwaita kwa majina mengine. Atuganile hakuyatia majina hayo kinywani, wala hakuyajibu pale akina mama wa kanisa walipoyasema mbele yake.

Yeye wote walimwita Mama Mwinjilisti. Marehemu mumewe, Mwinjilisti Amosi, ndiye aliyeujenga ukumbi wa kanisa kwa mikono yake, tofali kwa tofali, na sauti yake ya kuimba ilikumbukwa mpaka vijiji vya bondeni. Ukumbi ulikuwa na jina lake, na picha yake iliangikwa humo juu ya mlango, akitabasamu.

Jumatatu moja asubuhi Sekela aliingia ua wa kufulia, shuka amelitupa begani kama mgolole.

"Shikamoo, Mama Mwinjilisti."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unachechemea?"

"Nilicheza ngoma, Mama."

"Ngoma gani hiyo?"

"Ya mkanda. Mpigaji mmoja, mchezaji mmoja, watazamaji hakuna." Sekela akacheka peke yake.

Atuganile hakucheka. Alilipokea shuka, akalitandaza juu ya meza. Miaka thelathini ya kufua ilikuwa imemfundisha kusoma kitambaa kama wengine wanavyosoma gazeti. Damu ya mwezi ina mahali pake. Damu iliyokaa upande wa mto ni ya pua au ya mdomo.

"Siku gani?"

"Ijumaa. Nilimwambia avae kondomu, akaniuliza mimi ni nani wa kumpangia. Nikamwambia mimi ni mwenye mwili. Basi, hapo ndipo ngoma ikaanza."

"Na kondomu?"

Sekela akatazama pembeni. "Ukishavunjwa jino, Mama, hubishani tena habari za kondomu."

"Umekwenda zahanati?"

"Bila karatasi ya polisi nesi haruhusiwi kugusa kidonda cha kupigwa. Na hiyo karatasi niliifuata mwaka juzi. Afande akaniuliza, 'Mgeni uliyemfungulia mlango mwenyewe, leo amekuwa jambazi?' Kituo kizima kikacheka. Nikarudi nikajifunga kanga, nikapona. Kanga haiulizi maswali."

Atuganile akafungua kopo la biskuti alimotunza nyuzi zake. Kila dada alikuwa na shuka lake la pamba nzito, na ili yasichanganyike kambani, kila shuka lilishonwa upindoni uzi wa rangi yake. Wa Sekela ulikuwa wa machungwa, wa Ikupa buluu, wa mwingine kijani, mpaka ishirini na tatu. Hapo ndipo kazi ya dobi ilipoishia. Kilichofuata kilikuwa cha Atuganile na Mungu wake.

Kwa kila Jumapili, siku asiyoshika sindano wala ndoo, alifunga fundo dogo jeupe upindoni, akilifunga Jumatatu inayofuata. Mafundo hamsini na mawili, upindo mmoja, mwaka mmoja. Shuka lina pindo nne. Na katikati ya mafundo, siku ambayo mwenye shuka alipigwa, alipitisha mshono mmoja mwekundu, mahali pake hasa: karibu na fundo la nyuma kama ni Jumatatu, karibu na fundo la mbele kama ni Jumamosi. Hakuwa na daftari la maombi. Jumatano wenzake walipofumba macho kanisani, yeye alikuwa akifumba macho nyumbani, akipitisha kidole upindoni, na kila kidole kilipogusa mshono alitaja jina.

Akapitisha mshono wa Ijumaa. Akaukata uzi kwa meno.

"Hivi, Mama," Sekela akauliza, "Mungu akiangalia kwangu, anaona machungwa au nyekundu?"

"Anakuona wewe."

Kabla Sekela hajapata la kujibu, geti lililia na Nesi Hobokela akaingia, koti lake jeupe halijafungwa vifungo, barua mkononi. Hobokela alikuwa mwanamke mnene wa kutembea taratibu, na siku ile alikuwa anahema.

"Wanakuja Alhamisi," alisema. "Baraza la Punje. Wanakuja kuwatoa punje wote ishirini na watatu."

2

Punje ilikuwa ndogo kuliko mbegu ya mtama. Ilipandwa chini ya ngozi, juu kidogo ya kiwiko, na kwa miaka mitano ilidondosha dawa kwenye damu, kidogo kidogo, ikavifunga virusi vya UKIMWI visiinuke. Aliyekuwa na virusi aliishi navyo bila kuumwa wala kumwambukiza mtu. Asiyekuwa navyo hakuvipata. Nchi nzima ilikuwa imeimba sifa zake. Dada wa Plagi nao walipandikizwa, miaka minne iliyopita, siku moja, foleni moja.

Lakini Kilundo virusi viliinuka. Ikupa, dada mwenye uzi wa buluu, alikuwa amelala chumbani kwake wiki ya tatu, mdomo umejaa ukungu mweupe, mwili umekwisha kama mshumaa. Na visomeo vya makao makuu viliposoma punje za Dada wa Plagi kwa mbali, jibu likawa lile lile: punje hizi zinalala. Zinalala siku tisa, zinaamka kidogo, zinalala tena.

"Wanasema mnazilaza kwa sumaku," Hobokela alisema. Walikuwa wameketi kitandani kwa Ikupa, wote watatu, na mgonjwa katikati yao. "Eti mnazificha wateja wasizione kwenye visomeo vya simu zao wakawakimbia. Barua inasema: 'Wahusika wamedharau dhamana ya taifa. Punje ziondolewe, wapewe wenye kuzithamini.'"

"Sumaku!" Sekela akaruka. "Mimi sumaku pekee ninayoijua ni ile ya mlango wa friji ya baa!"

"Mimi nimekueleza barua, sijasema naiamini."

"Wakiitoa ya Ikupa itakuwaje?" Atuganile akauliza.

Hobokela aliushika mkono wa Ikupa, mwepesi kama kuni kavu. "Hivi sasa punje yake inaamka siku mbili tatu kwa mwezi. Siku hizo ndizo zinazomshikilia. Wakiitoa, Mama, Pasaka hataiona."

Ikupa alikuwa macho. "Msininong'onee kama maiti," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Mimi sumaku sina. Niandikieni hilo."

Mikono ya Atuganile, ambayo haikujua kukaa bure, ilikuwa imelishika shuka la Ikupa lililokunjwa kitandani. Kidole gumba kilikuwa upindoni.

"Nesi, hicho kisomeo chako kinaweza kutaja siku punje yake ilizoanza kulala?"

"Siku kinataja. Sababu hakitaji."

"Kiwashe."

Hobokela akakisogeza kisomeo kwenye mkono wa mgonjwa. Kilikuwa kidogo kama kijiko, na kilikuwa na sauti ya kike isiyo na haraka: "Imelala Jumanne, wiki ya kwanza ya Machi. Imelala Alhamisi, wiki ya tatu ya Machi. Imelala Jumamosi, wiki ya pili ya Aprili..."

Kidole cha Atuganile kilisogea na sauti ile. Jumanne: mshono. Alhamisi: mshono. Jumamosi: mshono. Kikaenda mpaka mwisho wa upindo, kikapinda kona, kikaingia mwaka uliofuata. Hakuna siku iliyotajwa na kisomeo ambayo kidole hakikukuta uzi mwekundu.

"Rudia," alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imebadilika. "Rudia kutoka mwanzo, na wewe Hobokela weka kidole chako hapa juu ya changu."

Waliporudia, Hobokela akaanza kulia kimya kimya, kilio cha mtu aliyekiona kitu alichokuwa akikikanyaga kila siku. "Mlango wa mshtuko," alisema. "Yesu wangu. Ni mlango wa mshtuko."

"Sema kwa Kiswahili cha watu," Sekela akamwambia.

"Walioitengeneza punje waliiwekea mlango. Mtu akipata ajali kubwa, gari limempindukia, damu inachemka, ini linahangaika. Dawa ikimwagika saa hiyo inaweza kumuua. Basi punje inauhisi mshtuko, inafunga mlango siku tisa mpaka mwili utulie. Tulifundishwa hilo dakika tano, na mwalimu akasema tusijisumbue kulikariri. Alisema, nani anapata ajali kila wiki?"

Sekela akainua mkono kama mwanafunzi. "Mimi, mwalimu."

Wakacheka, hata Ikupa, akakohoa kwa kucheka. Kisha kicheko kikaisha, na wote wakalitazama shuka.

"Tukiyapeleka mashuka ya wote," Atuganile alisema polepole, "yatasomwa mbele za watu. Kila mshono. Na mimi niliyashona kwa siri ya maombi. Si mali yangu kuyatoa. Waulizwe wenyewe, mmoja mmoja."

"Siri yetu ipi, Mama?" Sekela alisema. "Mji mzima unajua tulivyolala. Wasichojua ni tulivyoamka. Nitawauliza mimi, na atakayekataa nitamwachia. Lakini nakwambia hakuna atakayekataa."

Alipotoka, na Ikupa alipopitiwa na usingizi, Hobokela alibaki akimtazama Atuganile. Ni yeye tu, katika mji mzima, aliyejua kuwa siku ile ya foleni kulikuwa na mtu wa ishirini na nne, aliyeingia kwa mlango wa nyuma, kitenge kimefunika uso.

"Na lako, Mama?" aliuliza. "Shuka lako?"

"Langu halihusiki."

"Punje yako nayo ililala. Mimi ndiye niliyeisoma. Ililala mpaka mzee alipofariki, na tangu hapo haijalala hata..."

"Hobokela." Atuganile alisimama. "Marehemu hasemwi."

3

Siku tatu zile Atuganile hakufua mali ya mtu mwingine. Alifua nguo za Dada wa Plagi peke yake. Alitia wanga, akapiga pasi, akakunja. "Baraza litawaona wamepigwa," alisema, "halitawaona wamekunjamana." Na Alhamisi saa tatu walipotoka vyumbani, ishirini na wawili kwa miguu na Ikupa kwenye kiti cha magurudumu, blauzi nyeupe zinatoa mlio zikisuguana, kila mmoja na shuka lake mikononi kama mtu anayepeleka sadaka, malori yote uwanjani yalionekana machafu.

Zahanati ilikuwa ndogo, kwa hiyo Baraza lilikaa ukumbini. Wazee wa kanisa walikuwa wamejaa viti vya mbele kama wenyeji. Mzee Mwakalinga, mwenyekiti wao, alimwinamia Atuganile. "Mama Mwinjilisti, wewe ukae huku mbele na sisi. Hao wana sehemu yao nyuma."

"Nimekuja na mzigo wao, mzee. Nitakaa ulipo mzigo."

Mkuu wa Baraza aliitwa Daktari Nehemia Kapolo, mzee mwembamba mwenye miwani ya kufunga kwa kamba. Hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza. Alipewa shuka la Sekela, akaelezwa mafundo na mishono, na kisomeo kikawekwa kwenye mkono wa Sekela, na ukumbi mzima ukasikia: Ijumaa, Jumatano, Ijumaa, Jumamosi. Daktari alifuata kwa kidole chake mwenyewe. Kisha akaomba shuka la pili, la tatu. Alipofika la kumi na moja alivua miwani.

"Mlango wa mshtuko niliuweka mimi," alisema. "Nilikuwa kijana, na nilijivunia mlango ule. Umeokoa watu wengi wa ajali." Akalikunja shuka. "Kazi hii ya nyuzi ni nzuri. Sijaona daftari la hospitali lililotunzwa hivi. Lakini lazima niulize kama mtu wa sayansi. Hawa wote ni wa kazi moja. Wanakesha pamoja, wanakunywa pamoja. Anayepigwa labda ndiye pia anayetumia sumaku, ili punje ifichike kwa mteja yule yule anayempiga. Labda ni pombe. Labda ni kukesha. Nitajuaje kwamba ni kipigo na si maisha yao?"

"Maisha yetu ndiyo hicho kipigo, daktari!" Sekela alipaza sauti.

"Nakuelewa, binti. Lakini nileteeni mwanamke mmoja asiye wa kazi hii. Mtu asiyekunywa, anayelala mapema. Awe na punje, awe na mishono kama hii, na punje iwe imelala siku hizo hizo. Mmoja tu. Bila huyo, mkono wangu umefungwa. Kanuni inasema punje zitolewe."

Mzee Mwakalinga akaitikia kwa kichwa. "Mwanamke wa namna hiyo hayupo Kilundo," alisema. "Kilundo wanawake wenye ndoa zao wanaheshimiwa."

Mkewe, Mama Eliya, aliyekuwa ameketi pembeni yake na kitambaa cheupe kichwani, akainamisha uso akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba wake.

Atuganile aliliona hilo, maana hakuna alichokuwa haoni. Akamtazama Ikupa kwenye kiti chake, anapumua kwa kazi. Kisha akainua macho juu ya mlango, pale Amosi alipokuwa akitabasamu. Alimpenda, hilo nalo lilikuwa kweli. Alikuwa amemfulia kola za shati miaka ishirini na sita, na siku ya mwisho alimwosha mwili kwa mikono yake, hakumwachia mtu. Jina lake lilikuwa safi kwa sababu yeye alilifua. Miaka miwili ya ujane alikuwa amekula heshima ya jina lile kama mkate. Leo alitakiwa achague: jina lile libaki jeupe, au Ikupa aione Pasaka.

Akafungua mfuko wake. Chini kabisa, chini ya kopo la nyuzi, alikuwa ameweka shuka la ishirini na nne. Hata asubuhi alipoliweka hakujiambia kwa nini.

"Daktari," alisema, "yupo."

Alipandisha mkono wa blauzi yake juu ya kiwiko. Hobokela akaja na kisomeo. Wazee wa mbele wakageuka kwenye viti vyao.

Shuka lilikuwa jeupe pe, la harusi. Upindo wa kwanza ulikuwa na nyekundu nyingi, na wa pili hivyo hivyo karibu mpaka mwisho. Wa tatu na wa nne yalikuwa mafundo meupe matupu, mia moja na nne, hakuna kilichoyakatiza.

Kisomeo kikaanza: "Imelala Jumapili, wiki ya kwanza ya Aprili. Imelala Jumapili, wiki ya tatu ya Aprili. Imelala Jumapili..."

Daktari alifuata kwa kidole. Akasimama. Akarudi nyuma, akaanza upya. "Mama," alisema kwa upole, "haziendani. Kisomeo kinasema Jumapili. Mshono wako uko Jumatatu. Hapa tena. Na hapa. Kila mara umepita siku moja. Ya wenzako yalikuwa sawasawa. Yako siwezi kuyapokea."

Wazee walipumua. Mzee Mwakalinga alikuwa tayari ananyanyuka. "Tumshukuru Mungu, Mama Mwinjilisti alichanganyikiwa tu kwa huruma..."

"Sikuchanganyikiwa." Sauti yake haikuwa kubwa, lakini ilikuwa imenyooka kama upindo. "Daktari, fundo jeupe ni la Jumapili. Jumapili ni ya Mungu. Nilipigwa Jumapili, kila mara Jumapili, akitoka kuhubiri. Watu wamemsifu, amefika nyumbani, chai imepoa au mtoto hatukupata. Sikuweza kutia uzi mwekundu kwenye fundo la Mungu. Niliona kama namshitaki Yeye. Basi niliuweka pembeni, Jumatatu. Rudisha kila mshono wangu siku moja nyuma, halafu usome tena."

Daktari Kapolo akasoma tena. Kidole kilikwenda upindo wa kwanza wote na wa pili, kikafika mahali nyekundu zilipokoma.

"Hapa kulitokea nini?"

"Hapo nilifiwa."

"Na tangu hapo punje..."

"Haijalala hata siku moja," Hobokela alimalizia, akilia waziwazi. "Mtu yule yule, nyumba ile ile, chakula kile kile."

"Marehemu hasemwi!" Mzee Mwakalinga alikuwa amesimama, kidole juu. "Ndani ya ukumbi wake! Chini ya picha yake! Mama, umejivua nguo mbele ya hawa..."

"Mzee Mwakalinga," Atuganile alimgeukia. "Mimi ndiye niliyemwosha. Kama kuna mtu hapa anayejua mwili ule ulivyokuwa msafi na ulivyokuwa mchafu, ni mimi. Simsemi. Nasema habari za mkono wangu mwenyewe, na virusi nilivyoletewa ndani ya ndoa takatifu. Ungetaka niwalaze watu ishirini na watatu kaburini ili jina moja lilale vizuri? Kwa Mungu nitakwenda kuulizwa habari za walio hai kwanza. Keti, mzee. Watu wanangoja."

Na mzee akaketi. Watu husimulia mpaka leo kwamba aliketi.

Daktari alichukua karatasi. "Jina lako, Mama. Kwa ajili ya kumbukumbu. Nimesikia wanakuita Mama Mwinjilisti."

"Andika Atuganile binti Mwasomola. Dobi."

4

Punje hazikutolewa. Siku ile ile, foleni ile ile, Daktari Kapolo alikaa na Hobokela akishika kisomeo chake mwenyewe, akaufungua mlango wa mshtuko kwa kila mkono usijifunge tena, na kwa kila mkono alisema, "Nisamehe." Sekela alimjibu kuwa atafikiria. Kisha akaongeza: "Daktari, punje umeiamsha. Mkono unaopiga utaulaza lini?" Mzee yule aliandika kanuni moja kwa mkono wake, ikabandikwa kwenye mlango wa zahanati: kidonda cha kipigo kitatibiwa bila karatasi ya polisi, na upindo uliotunzwa utapokewa kama cheti. Hobokela aliisoma mara tatu, akaiwekea kioo juu yake isiloane na mvua.

Wiki ya pili ukungu ulimtoka Ikupa mdomoni. Akaomba ugali na mlenda, akagomba kwamba mlenda una chumvi nyingi. Wakajua amepona.

Jumapili Atuganile alikwenda kanisani kama kawaida, akaketi pale pale alipozoea. Benchi lake lilikuwa tupu pande zote mbili. Aliimba. Katika ubeti wa pili mlango ulifunguka nyuma, na viatu vingi vikasikika vikija, na blauzi za wanga zikajaza benchi lile, ishirini na tatu, hata ikabidi wabanane. Sekela aliimba kwa nguvu na bila kujua wimbo.

Jumatatu saa nne asubuhi, wakiwa uani, Sekela anasuza na Atuganile anakamua, geti la mbele lililia. Akina mama wa kanisa wakiwa na la kufua hutuma mtu, au huja kwa uchochoro. Huyu alikuja kwa geti la mbele, jua liko juu, anatembea kwa uangalifu kama aliyebeba yai. Alikuwa Mama Eliya, mke wa Mzee Mwakalinga. Kitambaa chake cheupe kilikuwa kimevutwa mbele, kimefunika sikio moja na nusu ya shavu.

"Habari za asubuhi, Mama Mwinj..." alianza. Akakatiza. "Atuganile."

"Nzuri, dada yangu. Karibu."

Mama Eliya akatoa shuka mkobani, akaliweka mezani. Lilikuwa limekunjwa vizuri sana. "Nimekuja kuuliza," alisema. "Katika lile kopo lako, kuna rangi ambayo bado haina mwenyewe?"

Sekela akainuka kwenye kigoda chake, akakipangusa povu kwa upindo wa kanga, akamsogezea mgeni.

Atuganile alifungua kopo. "Zambarau," alisema. "Nilikuwa naitunza, sikujua naitunzia nani." Akashona alama ya zambarau kwenye kona ya shuka, taratibu, bila kuinua macho. Karibu yake akafunga fundo jeupe la kwanza, la Jumapili iliyopita. Kisha akachomoa uzi mwekundu, akautia kwenye tundu la sindano.

"Tuanzie siku gani?"

Mama Eliya akakishika kitambaa chake pale penye shavu. Akanyoosha mgongo kama mtu anayesimama kuimba.

"Anzia jana," alisema.

Atuganile alilitazama fundo. Safari hii hakuuweka uzi pembeni. Aliipitisha sindano katikati ya fundo lenyewe, akavuta, nyekundu ikakaa juu ya nyeupe mahali pake hasa, na akaukata uzi kwa meno.